Zebedayo Aliyebaki Chomboni

 

Somo letu limetoka katika Injili ya Marko, sura ya 1, aya ya 16 hadi ya 20. Bwana Yesu anapita kando ya ziwa la Galilaya. Anawaita Simoni na Andrea, kisha anawaita Yakobo na Yohana, nao wanamfuata. Marko ni mwandishi asiyependa maneno mengi, lakini hapa anatuambia jambo dogo ambalo angeweza kuliacha. Anasema kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni, pamoja na watu wa mshahara.

Tumelihubiri somo hili mara nyingi, na kila mara tumehubiri juu ya wale waliokwenda. Leo tunataka kumtazama mzee Zebedayo, ameshika wavu, akiwaangalia wanawe wakienda.

Sababu ni hii. Parishi tunayoitumikia ilimtuma kijana mmoja kuwa mwinjilisti kaskazini mwa nchi yetu. Siku ya kumuaga tuliimba sana. Tulimchangia nauli, tukampa Biblia, blanketi mbili na viatu vya kutembelea mawe. Miezi minane baadaye mama yake, mjane anayeuza mboga, alisimama katika mkutano wa akina mama akatuuliza, "Mchungaji, mlimchukua mwanangu kwa nyimbo. Tangu siku ile ni nani kati yenu amekuja kuniuliza kodi ya nyumba nalipa na nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani, tukafungua tena vitabu vya historia ya Kanisa tulivyosoma chuoni. Kule chuoni tulifundishwa majina na miaka, tukayakariri kwa ajili ya mtihani. Safari hii tulisoma tukiwatafuta akina Zebedayo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Zanzibar Januari 1844, na baada ya miezi michache akakaa Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Kila mtoto wa Shule ya Jumapili amesikia habari za Krapf. Tarehe 8 Juni mwaka ule alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Kiislamu wa mji ule. (Ni vyema Wakristo tukumbuke kwamba tangu siku ya kwanza Biblia yetu ya Kiswahili ina deni kwa jirani Mwislamu.) Lakini tufikirie pia chumba cha pili. Rosine alikuwa mja mzito. Alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja jangwani, katika safari zao za upande wa Ethiopia, wakampa jina la Kiamhari lenye maana ya chozi. Tarehe 6 Julai alijifungua binti. Homa ikawashika wote nyumbani. Tarehe 13 Julai Rosine akafa, na mtoto naye akamfuata upesi. Krapf, akiwa bado na homa mwilini, aliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa, upande ule ambao sasa ni Nyali.

Baadaye aliwaandikia wakuu wa chama kwamba kaburi lile liwe kwao alama kuwa kazi imeanza katika pwani hii. Maneno hayo yamesomwa katika mikutano mingi ya misheni, na sisi hatuyapingi. Mtu aliyezika mke na mtoto katika juma moja ana haki ya kutafuta maana ya msiba wake. Tunalosema ni kwamba sisi wengine tusiyasome haraka. Wala tusiseme kwamba Rosine aliburutwa na mumewe. Alikuja kwa imani yake mwenyewe. Ila katika vitabu vyetu yeye ni kaburi tu. Miezi yake ya kuishi kati ya watu wa Mombasa, miongoni mwa wanawake ambao bila shaka walimwona akija na tumbo, akiuguza na kuugua, haijaandikwa hata nusu ukurasa katika vile tulivyosoma.

Juni 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwingine. Krapf na Rebmann wakajenga kituo Rabai, mlimani nyuma ya Mombasa. Rebmann ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848, na wataalamu wa London wakamcheka. Lakini jambo lililotugusa sisi si theluji. Ni kwamba mtu huyu alikaa miaka 29 bila kuiona tena Ujerumani. Barua ya kwao ilimfikia baada ya miezi, ikiwa na habari za wagonjwa ambao wakati anaisoma walikuwa wamekwisha kupona au kuzikwa. Alioa, mtoto wao akafa angali mchanga, na mkewe akafa mwaka wa 1866. Macho yake yakapofuka. Hata hivyo alibaki Rabai na karatasi zake za maneno ya Kiswahili, Kirabai na lugha ya Kinyasa.

Mwaka wa 1875 alikubali kurudi kwao. Na ni nani aliyemshika mkono yule kipofu akampandisha merikebuni? Ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mrabai huyu aliondoka kwao akamsindikiza Mjerumani mpaka Ujerumani, katika nchi ya baridi ambako karibu hakuna aliyejua lugha ya mama yake. Rebmann alikufa kule mwaka uliofuata. Sisi tunamhesabu Nyondo kuwa mmishenari, ingawa hatujaona orodha yoyote iliyomwita hivyo. Tunapouliza ni Mkenya gani wa kwanza kwenda mbali kwa ajili ya Injili, tusisahau yule aliyekwenda akiwa fimbo ya kipofu.

Sasa yuko mwingine ambaye kwake somo letu linageuka kabisa. William Jones alitekwa angali mtoto, akauzwa, akaokolewa, akapelekwa India. Alilelewa katika shule ya misheni karibu na Nasik, kisha akaja Mombasa na Rabai pamoja na wenzake, watu walioitwa Waafrika wa Bombay. Jina la Jones si jina alilopewa na mama yake. Yakobo na Yohana walimwacha baba chomboni. Lakini kwa Jones chombo ndicho kilichomtenga na baba. Angeulizwa kwao ni wapi, angeonyesha upande gani?

Mwaka wa 1885 Jones na Ishmael Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye askofu akafunga safari ya Uganda kwa miguu, Jones akiwa pamoja naye. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya sasa, askofu alimwacha Jones pale na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na wapagazi 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga. Jones alingoja. Wachache walionusurika walipomletea habari, mzigo wote ukawa juu yake: wapagazi wenye njaa, njia ndefu ya kurudi, na habari ya kumfikishia mjane wa askofu na watoto wake kule Uingereza. Msafara ulifika Rabai Februari 1886 ukiwa na bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi, jina la yule mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa, katika Samweli wa Kwanza sura ya 4. Hannington ana siku yake katika kalenda ya Kanisa, na anastahili. Jones aliyewarudisha watu hai tunamtaja kwa nadra.

Mtauliza, haya ya pwani yanatuhusu nini sisi wa Eastlands? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Watu waliookolewa utumwani walipewa makao Freretown, kituo kilichoanzishwa na CMS mwaka wa 1875, ambacho kengele yake ingali imesimama pale Kengeleni. Watoto na wajukuu wao waliosoma walienea nchini wakiwa walimu, makarani na makasisi. James Juma Mbotela aliandika habari za wazee hao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka wa 1934. Na Tom Mbotela, wa ukoo huo wa Freretown, alikuwa diwani wa Nairobi, akauawa hapa mjini Novemba 1952 katika siku zile za machafuko. Mtaa wa Mbotela unaitwa kwa jina lake. Basi ninyi mnaoshuka basi pale kila jioni mnashukia katika jina la watu ambao babu zao walikatwa kutoka kwao wasirudi tena.

Na mitaa yenyewe imejengwaje? Serikali ya kikoloni ilipoanza kutenga mahali pa Waafrika, Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930, ilimfikiria mwanamume mmoja mwenye kazi. Ilihesabu nafasi ya kitanda, si nafasi ya mke na watoto. Mpaka Kaloleni ilipojengwa katika miaka ya 1940 ndipo familia zilipoanza kufikiriwa kidogo. Kwa hiyo makanisa ya Eastlands yalianza yakiwa makanisa ya watu walioacha Zebedayo mahali fulani: Maseno, Murang'a, Machakos, Taita. Aprili 1954 askari walizunguka mitaa hii, wakawakamata watu kwa maelfu katika ile operesheni iliyoitwa Anvil, na waliobaki vyumbani hawakujua wenzao wamepelekwa wapi. Katika miaka iliyofuata Kanisa liliweka watumishi papa hapa. Kituo cha St. John's, Pumwani, kilianza mwaka wa 1957. Wamishenari wa Ulaya waliokuja kufanya kazi humu walikutana na watu ambao upweke wao ulikuwa sawa na wao, tofauti ikiwa kwamba mmishenari alikuwa na likizo ya kurudi kwao na tiketi iliyolipwa.

Tena tufikirie namna tunavyozika. Mtu wetu akifa Eastlands, kamati ya mazishi hukutana jioni ile ile, na mchango wa kwanza ni wa gari la kuupeleka mwili nyumbani. Tunaweza kukosa fedha za dawa, lakini za safari hiyo hupatikana. Hatusemi ni vibaya. Sisi wenyewe tumesafiri na majeneza usiku kucha. Lakini kwa hiyo sisi, kuliko watu wengine, tunaweza kuelewa alichofanya Apolo Kivebulaya. Huyu alikuwa Muganda, aliyekwenda Boga, ng'ambo ya mto Semliki katika Kongo, mwaka wa 1896. Alipigwa, alifungwa, na kule ndiko alikofariki Mei 1933, asiyekuwa na mke wala mtoto. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa haijafika, kinyume cha desturi ya kwao. Tukiwa mbele ya kamati ya mazishi ya Jericho, nani kati yetu angethubutu kutamka ombi kama hilo? Na ndugu zake Buganda walilipokeaje?

Tulipomaliza kusoma tuliitisha baraza la kanisa. Tulipendekeza kwamba katika bajeti ya uinjilisti tuweke kodi ya chumba cha yule mama. Palikuwa na mabishano. Mmoja alisema kwamba kanisa hutuma mwinjilisti, halitumi jamaa yake yote, na tukianza hivi hatutamaliza. Hoja yake ilikuwa na uzito. Sadaka zetu ni za watu wa vibarua. Mwingine akamjibu kwamba hata Zebedayo aliachiwa watu wa mshahara wa kumsaidia kuvuta nyavu, na huyu mama ameachiwa nani? Kura zikawa saba kwa tano. Tumelipa tangu hapo, ingawa mwezi mmoja tulichelewa, na aliyetukumbusha ni yule yule aliyepinga.

Jumamosi iliyofuata baraza, tulikwenda kumwona mama. Tulimkuta ameketi mlangoni, simu mapajani. Hakutukaribisha ndani mara moja. Alisema, "Ngojeni kwanza, wanangu. Leo ni siku ya soko kule kwao. Akimaliza soko hupanda kilima, maana huko chini mtandao haushiki." Tukaketi kwenye ndoo zake za mboga, tukangoja naye. Saa kumi ikapita. Alituambia kwamba kijana alipokuwa mdogo aliogopa ngamia kwenye picha. Saa kumi na robo akasema labda leo jua ni kali, hakupanda. Tulikuwa tumeanza kusimama ili tuombe tuage, ndipo simu ikalia.