Mtaro

Mkazi wa Mombasa akikuambia ufunge mfereji, anataka ufunge bomba. Dar es Salaam mfereji ni njia ya maji, na ile ya kandokando ya barabara huitwa zaidi mtaro. Mhandisi anayekadiria maji ya mvua mjini hulitaka neno mtaro pamoja na vipimo vya mtaro wenyewe: upana, kina, mteremko, na kama umezibwa na taka. Katika miji yetu mingi vipimo hivyo havimo kwenye faili lolote. Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaro mtaa kwa mtaa, na kuwauliza watu maji ya mafuriko yalifika wapi. Kwangu mimi, jibu la mama mwenye nyumba hapo linaishinda programu ya bei kali ya kukadiria mafuriko. Mvua nayo ina kisa chake. Vituo vingi vya kupima mvua huandika jumla ya siku tu. Milimita 60 zikinyesha kutwa nzima, huenda mtaro ukazimudu. Zikimwagika kwa saa moja, eneo la Jangwani, Dar es Salaam, halipitiki. Daftarini huandikwa 60 ile ile.