Michezo ya Watoto Wadogo, Kutoka Kabonga Hadi Kambini

Kabonga iko mpakani, kusini ya Nyanza-Lac, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kwetu kule mtoto wa miaka miwili alikaa mchangani karibu na mama aliyekuwa akianika dagaa. Alijaza kikombe, akamwaga, akajaza tena. Alipanga kokwa za michikichi: moja, mbili, tatu, mama akiangalia asizitie mdomoni. Hesabu ilianzia hapo, si ubaoni. Jioni bibi alimwimbia ibihozo, yaani nyimbo za Kirundi za kubembeleza, akimgusa pua na sikio.

Mauaji ya 1972 yaliwatoa watu wengi Rumonge na Nyanza-Lac wakakimbilia Kigoma. Mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, safari ikawa ile ile. Mei 2015 maelfu walikwama Kagunga, ng'ambo tu ya Kabonga. Kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawapeleka Kigoma. Mama alibeba mtoto na sufuria. Michezo haikuhitaji mzigo.

Kambini ziwa hakuna. Mchanga umekuwa udongo mwekundu, kokwa zimekuwa mawe. Vifaa vya mashirika tunavishukuru, ila mara nyingine hufungiwa stoo visipotee! Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unataja kucheza, na Burundi iliuridhia 1990.

Bibi waliolelewa ufukweni wanapungua. Anayekumbuka ibihozo vya kule afike shuleni, tuviandike.