Makovu ya Mapafu katika Baridi Yabisi: Je, Methotreksati Ndiyo ya Kulaumiwa?

Wengi huijua baridi yabisi kwa vidole vilivyovimba na viganja vinavyokakamaa asubuhi. Mapafu hukumbukwa baadaye, pengine baadaye mno. Mwaka 2010, Bongartz na wenzake, waliochunguza kumbukumbu za wagonjwa wa Minnesota nchini Marekani, walikadiria kwamba watu wapatao 8 kati ya 100 wenye baridi yabisi hupata makovu ya mapafu maishani mwao, ilhali kati ya 100 wasio nayo hafiki hata mmoja. Nusu ya waliogundulika kuwa na makovu hayo walifariki kabla ya kupita miaka mitatu tangu kugundulika. Kwa muda mrefu, makovu hayo yanapoonekana, lawama huiangukia methotreksati, dawa ya msingi ya ugonjwa huu, na mgonjwa huachishwa. Nashikilia kwamba lawama hiyo haina ushahidi wa kutosha, na kwamba inamdhuru mgonjwa mara mbili: viungo vyake hubaki bila kinga, na chanzo cha kovu hakitafutwi.

Lawama yenyewe haikuzuka hewani. Methotreksati inaweza kweli kuchochea uvimbe mkali wa mapafu: homa, kikohozi kikavu na pumzi kukatika ndani ya siku au wiki chache, mara nyingi katika mwaka wa kwanza wa matibabu. Dalili hizo zikitokea, dawa isimamishwe papo hapo. Lakini huo ni mkasa wa nadra na wa ghafla. Kovu la baridi yabisi huenda taratibu. Daktari akiweka kifaa chake cha kusikilizia sehemu ya chini ya mgongo, husikia milio midogo ya kuchakacha kila mgonjwa avutapo pumzi. Picha ya CT huonyesha nyuzi zilizoanzia pembezoni mwa mapafu na vijitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Kuyachanganya magonjwa haya mawili ndiko kulikoipa dawa sifa mbaya isiyoistahili.

Watafiti wa Uingereza na Ireland waliowafuatilia wagonjwa tangu mwanzo wa ugonjwa walitoa matokeo yao mwaka 2019. Kati ya 1,578 waliotumia methotreksati, 39 walipata makovu. Kati ya 1,114 ambao hawakuitumia, walikuwa 53. Mtu atauliza, na ni swali zito: je, si madaktari waliowanyima dawa wale ambao mapafu yao yalishatiliwa shaka? Inawezekana kabisa, na kwa sababu hiyo sidai kwamba methotreksati huyakinga mapafu. Uzito wa hoja uko kwingine. Mwaka 2018, Juge na wenzake walionyesha kwamba badiliko katika jeni ya MUC5B, inayohusika na ute wa njia za hewa, huongeza uwezekano wa makovu kwa wenye baridi yabisi takriban mara tatu. Badiliko hilohilo lilikwisha kuhusishwa mwaka 2011 na makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, kwa watu wasio na baridi yabisi wala sababu ya kupewa dawa hiyo. Tena, kwa baadhi ya wagonjwa makovu hutangulia maumivu ya viungo. Kidonge ambacho hakijamezwa hakiwezi kushtakiwa.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Methotreksati ni dawa ya bei nafuu, na mbadala wake wa kibayolojia ni ghali mno kwa walio wengi. Kumwachisha mgonjwa kwa hofu ni kumwacha mikono mitupu. Badiliko la MUC5B nalo ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya lakini adimu kwa Waafrika, hivyo kipimo cha jeni hakitatufaa sana. Isitoshe, mapafu ya huku huenda yana alama za kifua kikuu cha zamani au za miaka ya moshi wa kuni. Bila picha na kipimo cha pumzi kabla ya dozi ya kwanza, daktari anayeona kovu miaka mitano baadaye hana namna ya kujua lilianza lini. Ipo gharama, na mashine za CT ni chache nje ya miji mikubwa. Basi waanze kupimwa wavutaji wa sigara, wazee, wanaume na wenye kingamwili nyingi za ugonjwa huu, kwa kuwa ndio walio hatarini zaidi. Na kuwahi ni muhimu, kwani nintedanibu, dawa ambayo utafiti wa INBUILD wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa hupunguza kasi ya makovu yanayoendelea kuenea, haiondoi kovu lililokwisha kujijenga.