Forosadi juu, udi chini: Safari ya manukato katika Kiswahili

Mwanafunzi wangu wa uzamili anayetafiti tafsiri ya matangazo ya biashara aliniletea lebo ya chupa ya manukato. Lebo ilisifu manukato mepesi yenye harufu ya beri na msingi wa miti. Swali lake lilikuwa: je, Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza haya, au tukope tu? Nilimjibu kwamba nusu ya pili ya lebo ile imo katika lugha yetu tangu jadi.

Hebu tuanze na jina lenyewe. Samaki aliyeoza hunuka, asumini hunukia. Kwa kiambishi kimoja tu, Kiswahili kimetenga uvundo na harufu nzuri. Kutokana na mzizi huohuo tukapata manukato. Marashi nayo yanatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, alipokelewa kwa tambuu na kumwagiwa maji ya waridi ya Dameski. Huo ndio ustaarabu uliolileta neno hili pwani.

Udi, kwa Kiarabu, ni mti au kijiti. Kwa hivyo, anayefukiza udi katika chetezo huko Lamu anataja mti, ajue asijue. Sandali ilipitia Kiarabu pia, ingawa chimbuko lake ni Kisanskriti. Basi "msingi wa miti" si dhana ya Paris iliyotujia juzi.

Na hiyo beri? Matunda haya hayatoi mafuta ya kutengenezea manukato, kwa hiyo harufu yake huundwa maabara. Mwaka wa 1919 Jacques Guerlain alitumia kemikali yenye harufu ya pichi katika Mitsouko. Mwaka wa 1978 kampuni ya L'Artisan Parfumeur ikatoa Mûre et Musc, na matunda ya beri yakapata umaarufu. Mwaka wa 2012, Jo Malone ikauza Blackberry & Bay, ambayo beri yake imekalishwa juu ya mwerezi.

Neno mûre linanifurahisha. Mfaransa hulitumia kwa beri nyeusi ya mwituni na kwa tunda la mforosadi pia. Ikiwa Mfaransa hakuona haya kulipa neno moja kazi mbili, mbona sisi tuogope kuipanua forosadi? Beri ibaki kuwa jina la jumla. Forosadi ichukue nafasi ya hiyo nyeusi.

Sababu ya kuweka mti chini ya tunda ni ya kisayansi. Molekuli nyingi za harufu ya matunda ni nyepesi, hivyo hupaa upesi. Za miti ni nzito na huganda kwenye ngozi kwa saa nyingi. Ndiyo maana napendekeza tuseme harufu ya awali, ya kati na ya msingi. Hayo ni maneno ambayo hata muuza duka atayaelewa bila kamusi.

Hata hivyo, msamiati bila mti ni ganda tupu. Kenya ina msandali wake, Osyris lanceolata, unaoota katika maeneo makavu kama Samburu. Mafuta yake yamo katika shina na mizizi, kwa hiyo wezi hawaukati tu, bali huung'oa. Mti huu hukua polepole, tena una wa kiume na wa kike. Ukimaliza jinsia moja, mbegu zimekwisha. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka wa 2007, na mwaka wa 2013 ukaingizwa katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Bado tunasikia malori yakinaswa usiku na shehena ya magogo.

Sisemi kwamba kila chupa ya beri ina msandali wa Samburu. Kampuni nyingi siku hizi huunda hata harufu ya mti maabara. Ninachosema ni kwamba lugha iliyouita uturi wake kwa jina la mti ina deni kwa mti huo. Tukiacha msandali uishe, wajukuu wetu watalikuta neno sandali kamusini, wala hawatakuwa na cha kunusa.