Mapambo na mwanga wa nyumba kwa gharama ndogo (Ngara na Biharamulo)

Mapambo na mwanga wa nyumba katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni kazi zinazokwenda pamoja, kwa sababu katika nyumba ya udongo au ya tofali za kuchoma ukuta ndio unaoamua taa itaangaza kiasi gani. Chumba cha udongo mwekundu usiopakwa kitu hunywa sehemu kubwa ya mwanga unaokifikia. Chumba hichohicho kikipakwa chokaa hurudisha karibu robo tatu yake. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuona vizuri usiku na hana fedha za kutosha, aanze na brashi kabla ya kununua taa ya pili.

Wilaya hizi zina sababu yao ya pekee ya kujali mwanga. Ngara imekaa kwenye pembe ya magharibi ya mkoa, inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye njia zinazokwenda Geita na Mwanza. Wakazi wa wilaya zote mbili hufuata saa ileile ya Dar es Salaam, ilhali jua huwafikia zaidi ya nusu saa baadaye. Mwezi Februari jua halichomozi Ngara mpaka saa moja ya asubuhi imepita. Jioni huwa ndefu, lakini alfajiri ni giza totoro: mtoto anavaa sare gizani, mama anawasha moto gizani, na taa hufanya kazi kabla ya chai kama inavyofanya baada ya chakula cha usiku. Vitabu vingi vya ushauri wa nyumba huzungumzia mwanga wa jioni peke yake, na msomaji wa hapa, awe wa Rulenge au Nyakahura, hawezi kuufuata ushauri huo bila kuupindua.

Ukuta

Nyumba za Wahangaza na Washubi wa Ngara, na za majirani wao wa Biharamulo, zamani zilikuwa za msonge, zimeezekwa nyasi, mlango ndio dirisha lake kubwa. Siku hizi nyingi ni za pembe nne na za bati: za fito na udongo, za tofali mbichi, au za tofali za kuchoma. Aina zote tatu hupokea chokaa vizuri. Chokaa ya mfuko hulowekwa usiku kucha, huchujwa, huongezwa chumvi kidogo ili ishike, kisha hupakwa nyembamba mara tatu juu ya ukuta uliolowanishwa. Anayepaka mkono mmoja mzito ili amalize haraka huona chokaa ikibanduka kama magamba kabla ya masika kwisha. Chokaa huunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wakae mbali na ndoo, na mpakaji ajikinge macho na mikono.

Asiye na fedha ya chokaa hutumia udongo mweupe wa mabondeni. Huupondaponda, huuchekecha kwa kitambaa, kisha huuchanganya na uji mwembamba wa unga wa muhogo ili usichafue nguo ya anayeegemea ukuta. Samadi mbichi ya ng'ombe ikichanganywa na udongo wa kusiliba hupunguza nyufa. Kosa la gharama kubwa ni kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa udongo. Udongo hupumua: huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwenye uso wake. Rangi ya mafuta huufungia unyevu huo ndani, na baada ya misimu miwili ya mvua ukuta huvimba, rangi ikadondoka pamoja na kipande cha udongo. Ndoo ya rangi hiyo huuzwa ghali kuliko mfuko wa chokaa, na bado huharibu kazi.

Sehemu ya chini ya ukuta wa nje hupakwa mkanda wa rangi nzito, mweusi, wa kijivu au wa udongo mwekundu, wenye kimo cha magoti. Mkanda huu ni pambo lenye akili kuliko yote katika nyumba za vijijini. Mvua ikipiga uwanja, matope mekundu huruka mpaka hapo na hayaonekani, wakati juu yake nyeupe inabaki nyeupe. Masizi ya sufuria na majivu vikichanganywa na udongo hutosha kuutengeneza.

Imigongo, ng'ambo ya mto

Mfano mkubwa wa mapambo yasiyohitaji duka uko karibu sana na Ngara, upande wa pili wa mto Kagera. Katika nchi ya Gisaka, ambayo sasa iko Mkoa wa Mashariki wa Rwanda, wanawake walitengeneza kwenye kuta za ndani michoro ya matuta inayoitwa *imigongo*. Simulizi huinasibisha na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyetaka kuipendezesha nyumba yake. Malighafi yake ni samadi ya ndama iliyochanganywa na majivu, ambayo huondoa harufu na kuzuia wadudu. Mchoraji huanza kwa kuchora pembetatu, msumeno au miduara, kisha huinua mistari hiyo kwa vidole mpaka iwe matuta, huiacha ikauke, huisugua kwa jiwe na mwisho huipaka rangi: nyeupe ya udongo wa kaolini, nyekundu ya udongo wenye chuma, na nyeusi iliyopikwa kwa utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hii ilikaribia kupotea. Wanawake wa wilaya ya Kirehe, inayotazamana na Ngara, waliokuwa miongoni mwa walionusurika, waliifufua kwa ushirika, wakaihamisha kutoka ukutani hadi kwenye vibao vya mbao vinavyoweza kuuzwa na kubebwa. Leo vibao hivyo hupamba hoteli na ofisi za Kigali. Kaya ya Ngara haina haja ya kukinunua kibao. Samadi, majivu na udongo wa rangi vipo uani, na Kihangaza kinakaribiana mno na Kinyarwanda na Kirundi kiasi kwamba maelekezo yanaweza kupokelewa bila mkalimani.

Jambo moja husahauliwa na wanaoiga michoro hii. Imigongo huishi kwa kivuli. Mwanga ukitoka ubavuni, kwenye dirisha au taa iliyowekwa chini pembeni, kila tuta hutupa kivuli chake na ukuta husimama. Taa moja iliyoning'inia katikati ya dari huumulika ukuta kwa usawa, na matuta hulala. Mahali pake basi ni ukuta unaokutana na ukuta wa dirisha, si ule unaolitazama dirisha.

Paa na dari

Bati hutoa joto mchana na kelele wakati wa mvua, na uso wake wa ndani ukishapata kutu huwa mweusi kwa macho. Dari ya jipsamu imeingia mijini, lakini bei yake pamoja na fundi huzidi uwezo wa kaya nyingi. Mikeka ya mafunjo, yanayoota kwa wingi kwenye vinamasi vya mto Kagera, ni dari nzuri kuliko inavyosifiwa: ni myepesi, hunyamazisha mvua, na rangi yake ya majani makavu hurudisha mwanga wa njano wenye utulivu. Wengine hutandaza viroba vilivyofumuliwa na kuoshwa, upande mweupe ukitazama chini. Vyote viwili hushika moto haraka. Chini yake isiwekwe koroboi wala mshumaa.

Maturubai nayo yana historia yake hapa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 takribani wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa kwa muda miongoni mwa makazi makubwa ya watu wilayani na mkoani. Maturubai ya wakimbizi na makopo ya mafuta ya kula yaliingia katika maisha ya vijiji jirani: turubai likawa dari, kizuizi cha upepo na tandiko la kuanikia, kopo likawa taa. Turubai la bluu hata hivyo hukigeuza chumba kizima kuwa cha bluu, na uso wa mgonjwa hausomeki chini yake.

Njia ya kuingiza mwanga wa mchana bila kuvunja ukuta ilibuniwa na fundi wa Brazili, Alfredo Moser, mnamo 2002: chupa ya plastiki yenye maji na dawa kidogo ya klorini ya kung'arishia nguo, iliyopenyezwa kwenye bati nusu juu nusu chini na kuzibwa vizuri. Jua kali likiwaka hutoa mwanga unaolingana na wa balbu ya wati 40 hadi 60. Inafaa stoo na jiko lisilo na dirisha. Kwenye paa la nyasi haifai, na usiku haifanyi kitu.

Taa

Koroboi, au kibatari, ndiyo taa iliyodumu kuliko zote, na ni adui wa mapambo. Moshi wake huchora ukuta uliopakwa chokaa jana, na utambi wake wazi umeteketeza nyumba za nyasi. Chemli ina kioo na ni afadhali. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo urahisi wa koroboi umekuwa wa jina.

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli, zisizofika vijijini. Sasa umeme wa gridi umefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na mtambo wa Rusumo wa megawati 80 umejengwa kwenye maporomoko yaliyo mpakani mwa Ngara kwa matumizi ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kuunganishiwa kijijini kumekuwa kukitozwa shilingi 27,000. Kikwazo kwa wengi ni gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na hapo kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, huokoa: ni kibao kimoja chenye swichi, soketi na taa, kinachofaa nyumba ya vyumba vichache.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku humaliza uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 7 yenye mwanga unaokaribiana nayo humaliza uniti moja tu na kidogo. Mtumiaji mdogo wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, bei ya uniti zinazofuata hupanda zaidi ya mara tatu, kwa hiyo balbu moja ya zamani inaweza kumvusha mpaka huo.

Kwenye boksi la taa hutazamwa namba yenye herufi K. 3000K ni mwanga wa njano, wa sebuleni na chumbani. 6500K ni mweupe wa kusomea na wa jikoni. Wauzaji wengi humpa mteja 6500K kwa kuwa huonekana kali dukani, na ndiyo sababu sebule nyingi zinafanana na zahanati. Palipo na sola ndogo, kipande cha kufanyia kazi ni paneli yenyewe: vumbi jekundu la barabara huifunika, na kuipangusa kwa kitambaa kibichi kila wiki wakati wa kiangazi hurefusha mwanga wa usiku bila senti moja.

LED haina joto kali, na hilo limefungua mlango kwa wasusi. Ngara ina wanawake hodari wa vikapu vya kuzungusha, na kampuni ya WomenCraft iliyoko huko huuza kazi zao nje ya nchi kama mapambo ya nyumba. Kikapu chepesi kilichopinduliwa juu ya taa ya LED hutupa ukutani michoro ya mwanga na kivuli. Juu ya balbu ya zamani kingeungua.

Vitambaa na chumba cha kupanga

Mapazia ya mtumba huchambuliwa siku ya gulio. Rangi nyepesi ndiyo ya dirisha dogo, na kitambaa kizito cheusi kiachiwe mwenye madirisha makubwa. Kitenge kilichochakaa kama nguo bado ni pazia zuri la mlango wa ndani.

Mpangaji, awe mwalimu, muuguzi au dereva aliyepanga chumba Nyakanazi, hana ruhusa ya kutoboa ukuta wala hana sababu ya kuutia fedha ukuta wa mwenzake. Anachoweza kupatana na mwenye nyumba ni mfuko wa chokaa kwa nguvu zake mwenyewe, na wengi hukubali, kwa kuwa faida ni yao. Vingine vyote achague vya kubebeka: mkeka, taa ya sola ya mezani, kikapu cha kivuli, na kioo. Kioo kikiwekwa ukuta unaotazama dirisha, chumba hupata dirisha la pili, na siku ya kuhama hufungwa ndani ya blanketi.