Oili chafu huua mnyororo wa pikipiki: Jinsi ya kuchagua kilainishi kinachofaa

NDANAI, katika eneo la Sotik, Kaunti ya Bomet, ni mahali ambapo pikipiki moja hufanya kazi nyingi kwa siku. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa na magunia ya majani chai kutoka mashambani hadi vituo vya kununulia mazao hayo. Jua likipanda hubeba wanafunzi, wagonjwa na watu waendao sokoni. Upande wa juu, kuelekea Bomet na Kericho, ni nchi ya majani chai yenye mvua nyingi na udongo mwekundu unaonata. Upande wa chini, kuelekea Trans Mara, ardhi ni kavu zaidi, na tangu Januari hadi mvua ya masika inapoanza Machi, vumbi hutanda kwenye barabara zisizo na lami.

Tope na vumbi ndivyo vinavyopaswa kumwongoza mhudumu wa bodaboda anapochagua kitu cha kulainisha mnyororo wa pikipiki yake. Hata hivyo, aghalabu kinachomwongoza ni kile kilichopo karibu na kisicholipiwa, yaani oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Fundi huichota kwenye mkebe wakati wa kubadilisha oili, huipaka mnyororo kwa brashi, na mteja huondoka akiwa ameridhika kwa sababu kelele zimenyamaza.

Ili kufahamu kwa nini huo ni uchumi wa bure, sharti kwanza ifahamike jinsi mnyororo unavyolika. Mnyororo wa pikipiki ni wa aina iliyovumbuliwa na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda mjini Manchester, Uingereza, mwaka wa 1880. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya bomba dogo liitwalo bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokutana na meno ya sproketi. Pikipiki inapokwenda kilomita 40 kwa saa, kila kiungo huzunguka mzunguko mzima zaidi ya mara 100 kwa dakika, na katika kila mzunguko hujikunja na kujinyoosha kwenye sproketi ya mbele na ya nyuma.

Husemwa kwamba mnyororo “umevutika”. Kwa hakika chuma hakikuvutika. Ni pini na bushi zilizosagana hadi kukawa na nafasi kati yake, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa katika viungo zaidi ya 100, mnyororo wote huwa mrefu. Kwa hivyo mahali panapohitaji oili ni ndani, kati ya pini na bushi, wala si juu ya bati za nje ambapo watu wengi hupaka.

Hapo ndipo oili chafu inapofeli. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba masizi, tindikali na chembechembe za chuma zilizotoka kwenye gia na klachi. Kuipeleka ndani ya bushi ni sawa na kutia msasa laini mahali palipotakiwa ulaini. Isitoshe, ni nyepesi mno. Mnyororo ukishika kasi huirusha, na sehemu yake huishia kwenye rimu na tairi la nyuma. Kelele hunyamaza kwa siku moja au mbili, lakini kusagana kunaendelea.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana kwenye gereji. Oili chafu ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara kwa miaka mingi, na fundi wa jua kali huigusa kila siku bila glavu. Ikimwagwa chini, mvua huisomba hadi mitoni. Maji ya Mto Kipsonoi, unaopita Sotik, huingia Mto Sondu na hatimaye Ziwa Viktoria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999 inakataza kumwaga vitu vyenye sumu katika mazingira, ingawa wengi hudhani sheria hiyo inahusu viwanda tu.

Grisi nayo ina wapenzi wake, hasa msimu wa mvua, kwa kuwa haioshwi na maji kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba ni nzito na haipenyi hadi kwenye pini. Hukaa nje ikishika mchanga, na baada ya wiki moja kwenye barabara ya vumbi hugeuka kuwa ugali mweusi unaokwangua sproketi. Grisi inaweza kufaa mnyororo ukivuliwa, ukaoshwa, kisha ukatumbukizwa katika grisi iliyoyeyushwa kwa moto mdogo ili iingie ndani, kama walivyofanya waendeshaji wa Ulaya zamani. Ni kazi ya nusu siku, na si wahudumu wengi walio na nusu siku ya kupoteza.

Kinachofaa zaidi kwa mazingira ya Ndanai, na ambacho vitabu vingi vya maelekezo ya pikipiki ndogo hupendekeza, ni oili ya gia ya kiwango cha SAE 90. Ni nzito kiasi cha kutorushwa upesi, lakini ni nyepesi kiasi cha kupenya kwenye bushi. Huuzwa katika maduka ya vipuri na vituo vya petroli, na kwa vile mnyororo huhitaji matone tu, chupa moja hudumu miezi mingi. Oili mpya ya injini ni ya pili kwa ubora. Ni safi, ila hutoka upesi na hivyo hupakwa mara nyingi zaidi.

Dawa maalumu ya kupuliza, inayouzwa katika mikebe, ni nzuri kwelikweli. Huingia ndani ikiwa maji, kisha hukauka na kubaki kama nta isiyoshika vumbi sana. Bei yake ndiyo humfanya mhudumu wa kijijini asite, na si haki kumlaumu. Anayeendesha kilomita nyingi kila siku atamaliza mkebe haraka, ilhali oili ya gia ikitumiwa kwa uangalifu inafanya kazi inayokaribia hiyo.

Wapo pia wanaonunua mnyororo wenye pete za mpira kati ya bati zake. Aina hii huwa na grisi iliyofungiwa ndani tangu kiwandani, hivyo oili ya nje ni ya kuzuia kutu na kulinda mpira usikauke. Haifai kuoshwa kwa petroli kwani huharibu pete. Minyororo mingi inayouzwa kwa pikipiki za bodaboda haina pete hizo, na ndiyo sababu ulainishaji wake ni jambo la lazima.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na aina ya oili. Mnyororo husafishwa kwanza kwa brashi na mafuta ya taa au dizeli kidogo, kisha hupanguswa kwa kitambaa hadi ukauke. Kupaka oili juu ya matope ni kuyasindikiza ndani. Wakati bora ni jioni baada ya kazi, mnyororo ukiwa bado na joto, kwani oili hupenya na kutulia usiku kucha. Pikipiki husimamishwa kwa egemeo la katikati, gia ikatolewa, na gurudumu la nyuma likazungushwa kwa mkono huku matone yakidondoshwa upande wa ndani wa mnyororo, kwenye sehemu ya chini inayorudi nyuma. Mwendo wenyewe utaisukuma oili kuelekea nje. Oili iliyozidi hufutwa kwa kitambaa, na tairi pia.

Injini isiwashwe hata kidogo wakati wa kazi hii. Wapo waliopoteza vidole kwa kuwasha injini, kuingiza gia na kushika kitambaa kwenye mnyororo unaozunguka. Kitambaa huvutwa kwanza, mkono ukafuata.

Kuhusu muda, kilomita 500 ni kipimo cha kawaida wakati wa kiangazi, ambacho kwa mhudumu mwenye shughuli nyingi ni siku chache tu. Wakati wa mvua, au baada ya pikipiki kuoshwa, oili hupakwa siku hiyo hiyo bila kuhesabu kilomita. Msimu wa vumbi, tabaka liwe jembamba zaidi. Mnyororo unaong'aa kwa oili nje ni dalili ya kosa. Bati la kufunika mnyororo, ambalo vijana wengi hulitoa ili pikipiki ipendeze, lingefaa kurudishwa, kwa sababu linazuia vumbi na tope kuliko oili yoyote ile.

Ulegevu nao ukaguliwe. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mnyororo ukisukumwa juu na chini katikati unapaswa kucheza milimita 25 hadi 35, ingawa kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi hulika haraka na kuumiza beringi, hasa pikipiki ikibeba abiria wawili na mzigo.

Mnyororo uliochakaa hauokolewi na oili. Kwa mnyororo wa ukubwa wa 428, ambao hutumiwa na pikipiki nyingi ndogo, viungo 20 vilivyonyooshwa huwa na urefu wa milimita 254 vikiwa vipya. Vikizidi milimita 259, mnyororo na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja, kwani sproketi yenye meno yaliyochongoka itaumaliza mnyororo mpya upesi. Ukikatika mlimani, pikipiki hupoteza nguvu ikiwa na abiria mgongoni. Ukijisokota kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu hukwama ghafla. Wakati wa kufunga mnyororo mpya, upande wa klipu ulio wazi uelekezwe kinyume cha mwendo.

Tatizo moja haliko gerejini. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo mwaka wa 2008, wawekezaji wengi wamenunua pikipiki na kuwakabidhi vijana, wanaowapelekea kiasi walichokubaliana kila jioni. Pale ambapo vipuri ni jukumu la mwenye pikipiki, kijana haoni sababu ya kununua oili ya gia kwa fedha zake. Baadhi ya wamiliki wameamua kununua chupa hiyo wenyewe na kuiweka mahali pikipiki inapolala, ili ipakwe jioni wakati hesabu inapoletwa.