Kambi kwa pikipiki ya zamani Shinyanga hadi Geita: Fundi utampata, kazi ni pa kulala

Ukitaja safari ya pikipiki na hema, wengi wanawaza yale mapikipiki makubwa ya watalii yenye masanduku ya bati pembeni. Kanda ya Ziwa mambo ni tofauti. Chombo kilichopo ni Boxer iliyopiga bodaboda miaka sita, SanLG iliyofunguliwa injini mara mbili, au Honda XL ya zamani iliyokuwa ya bwana shamba.

Na kiukweli, kwa safari ya siku tatu au nne kati ya Shinyanga na Geita, hiyo ya zamani ndiyo yenyewe.

Sababu ni vipuri. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zilizojaa vijijini, SanLG zikiwemo, injini zake zimeigwa kutoka Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Ni injini ya kawaida sana: inapozwa na upepo, inatumia kabureta, na valvu zake zinasukumwa na vifimbo badala ya cheni ya ndani. Fundi aliyekaa chini ya mwembe na spana tano anaifungua. Boxer muundo wake ni mwingine, ila vipuri vyake viko kila senta yenye duka la bodaboda.

Pikipiki kubwa ya sindano za mafuta na kompyuta ikizima Kakola, utaita gari la kuibeba. Boxer ikizima hapohapo, utaita fundi.

Hata waliozunguka dunia hawakukwepa ufundi wa njiani. Ted Simon, Mwingereza aliyepita Afrika Mashariki katika safari yake ya kuanzia mwaka 1973, alitumia Triumph ya cc 500 na alilazimika kuikarabati mara kwa mara. Alifika.

Kabla ya kuwasha

Pikipiki iliyochoka haifi ghafla, inatoa taarifa. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Hiyo inaweza kusafiri, lakini ubebe lita moja ya akiba na uangalie kiwango kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mlio wa "taka-taka" juu ya injini mara nyingi ni tapeti zimelegea. Fundi azirekebishe injini ikiwa ya baridi.

Cheni na spoketi zitazame pamoja. Ukibadilisha cheni peke yake wakati meno ya spoketi yameshakuwa makali kama ya papa, cheni mpya itachoka haraka. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia: likicheza, beringi zimekwisha. Gonga njiti za rimu moja moja kwa spana. Inayolia tofauti na wenzake imelegea, na ukiongeza mzigo ndiyo itakayoanza kukatika.

Vya kubeba ni vichache: plagi moja, waya wa klachi, waya wa mafuta, tyubu mbili (ya mbele na ya nyuma, saizi hazifanani), viraka, pampu ya mkono, kiungo cha cheni, na nyaya laini za kufungia. Kuna mafundi wanaofunga waya mpya wa klachi sambamba na ule unaotumika, ili wa kwanza ukikatika unabadilisha kichwa tu. Ujanja huo ni wa bure na unaokoa muda.

Mzigo ndiyo sehemu watu wanaharibu. Wanarundika kila kitu kwenye keria ya nyuma, hema juu, godoro juu ya hema, halafu wanashangaa usukani unacheza. Vitu vizito, yaani maji, vyombo na spana, viwekwe chini na mbele, pale anapokaa abiria. Nyuma kabisa baki na vitu vyepesi. Funga kwa mipira ya tyubu kama wanavyofanya wauza mkaa. Hawa ni wataalamu wa kweli wa mizigo, ukimwona mmoja simama umwangalie anavyofunga.

Leseni, bima na kadi ya pikipiki viwe mfukoni, si kwenye begi la chini.

Njia mbili, tabia mbili

Kutoka Shinyanga kwenda Geita kuna namna mbili kuu.

Ya kwanza ni lami: unafuata barabara ya Mwanza, unaachana nayo Usagara bila kuingia jijini, unashika Kigongo, unavuka kwenda Busisi, kisha Sengerema na Geita. Zamani hapo Kigongo ulikuwa unapanga foleni ya kivuko. Tangu Juni 19, 2025 lilipozinduliwa Daraja la JPM lenye urefu wa takribani kilomita 3, unavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Upepo wa ziwa pale juu si wa mchezo kwa pikipiki nyepesi yenye mzigo mpana, kwa hiyo punguza mwendo.

Ya pili ni Tinde, Isaka, Kahama, halafu unapanda kaskazini kupitia Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, hadi Geita. Kipande cha Tinde hadi Kahama ni lami, ila unagawana barabara na malori ya Rwanda na Burundi. Lori likikupita, upepo wake unakuvuta. Kutoka Kahama kwenda juu umekuwa mwendo wa vumbi na kazi za ujenzi wa lami. Kwa mtu wa hema hii ndiyo njia tamu zaidi, vijiji vinafuatana na watu wana muda wa kuongea.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga unakuwa gundi. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo hakuna cha Boxer wala cha BMW.

Jua la Shinyanga saa nane mchana linachemsha injini ya upepo iliyobeba mzigo. Ondoka alfajiri, pumzisha kila baada ya saa moja hivi, na saa kumi uwe umeshaanza kuulizia pa kulala. Usiku usiendeshe. Taa ya pikipiki ya zamani inamulika mita chache, ng'ombe hawana taa kabisa, na barabara za huku zina historia: miaka ya nyuma mabasi ya Kahama, Nyakanazi na Biharamulo yalikuwa yakisindikizwa na askari kwa sababu ya utekaji.

Mafuta si tatizo kubwa. Pikipiki nzima ya cc 125 au 150 hutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita, iliyochoka pungufu ya hapo. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo piga hesabu zako kabla ya kuondoka. Mafuta ya chupa ya kijijini yachuje kwa kitambaa safi, maana kabureta kuziba ni ugonjwa wa kawaida.

Pa kulala: anza na mtendaji

Hapa ndipo safari inapoharibika, na si kwa sababu ya pikipiki.

Ukanda huu hauna maeneo mengi ya kambi yaliyotengwa kama Arusha. Utalala kwenye ardhi ya mtu au ya kijiji, na kila kipande kina mwenyewe hata kama kinaonekana pori tupu.

Usukumani kuna ngitili. Ni eneo la malisho na miti linalofungwa kipindi cha mvua ili majani yakue, lifunguliwe kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua utaratibu huo baada ya ardhi kubwa ya mkoa kubaki uwanda mkavu. Kwa macho ya mgeni ngitili ni sehemu nzuri kabisa ya kutandika hema: kivuli, majani, utulivu. Kwa mwenye ng'ombe hicho ni chakula cha mifugo cha miezi kadhaa. Moto wako mdogo wa chai ukiruka mwezi wa nane, umechoma akiba ya familia nzima, na vijiji vina sheria ndogo na faini kwa hilo. Pika kwa jiko dogo la gesi, au usipike.

Jambo la pili ni sungusungu. Ulinzi huu wa jadi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 maeneo ya Kahama na Shinyanga, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, ukasambaa nchi nzima. Mtu akiona mwanga wa tochi porini saa nne usiku anaweza kupiga mwano, lile yowe la kuita watu, na watakuja wengi kabla hujatoka ndani ya hema. Mikoa hii pia imepitia mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino. Mgeni aliyejificha vichakani usiku anawatisha watu kwa sababu wanazozijua wao, na hofu hiyo inaweza kukuua.

Kwa hiyo ule ushauri wa mitandaoni wa "jifiche mbali na barabara, usionekane" usiutumie huku. Fanya kinyume chake. Onekana.

Ukifika kijijini kabla jua halijazama, uliza ofisi ya serikali ya kijiji. Mtafute mtendaji, akikosekana mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Salimia: asubuhi "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", na mzee unamwamkia shikamoo yake kama kawaida. Eleza unatoka wapi, unaenda wapi, unataka kulala usiku mmoja, onesha kitambulisho, saini kitabu cha wageni. Mara nyingi utaoneshwa uwanja wa ofisi, shule au kanisa, au uani kwa mtu. Mtandao ukiruhusu, mtumie ndugu yako jina la kijiji na la aliyekupokea.

Hema liwekwe sehemu iliyoinuka kidogo. Ardhi ya mbuga ikikauka inaonekana ngumu kama saruji, mvua moja ya usiku inaigeuza tope. Korongo kavu ni njia ya maji, usilale humo. Juu ya majabali na chini ya mti uliosimama peke yake pia hapana, radi za Kanda ya Ziwa zinajulikana. Chandarua si anasa, malaria ipo.

Ukiingia kwenye dhahabu

Kuanzia Kakola kwenda Geita, na maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, kanuni zinabadilika kwa sababu ya uchimbaji mdogo.

Kwanza mashimo. Maduara yaliyoachwa yanaweza kuwa na kina kirefu, hayana uzio, na mengine yamefunikwa na majani. Kutoka kwenye hema usiku kwenda kujisaidia hatua 20 mahali usipopajua ni kubahatisha maisha. Zunguka eneo lote mchana, na mwenyeji akuoneshe.

Pili maji. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, na baadhi ya mitambo ya kuchenjulia marudio hutumia sayanaidi. Watu wanadhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki. Kijito kilicho chini ya mwalo au karasha usikinywe, usikipikie, wala usikiogee. Nunua maji senta, beba lita tano kwa mtu. Na ukiona mtu anachoma dhahabu kwa moto, kaa mbali, maana mvuke wake ndio wenye sumu.

Tatu, maeneo ya leseni. Mgodi wa Geita wa GGML, unaozalisha tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu, yana mipaka na walinzi. Hema karibu na uzio litaleta maswali usiyoyataka.

Katoro nakushauri usipige kambi kabisa. Ni mji wa biashara, watu usiku na mchana, na Boxer iliyoachwa nje inauzika kipande kipande kabla hujaamka. Tafuta gesti yenye geti, pikipiki iingie ndani.

Kama lengo ni ziwa au hifadhi

Ukitaka kulala karibu na Ziwa Victoria, upande wa Nkome au Chato, kaa mbali na ukingo. Viboko hutoka usiku kula, mamba wapo, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia. Mialo ya wavuvi ina viongozi wake, utaratibu wa kubisha hodi ni uleule.

Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na ya Kisiwa cha Rubondo, ya mwaka 1977, zina sehemu rasmi za kulala wageni. Ila pikipiki haziruhusiwi kuzunguka ndani ya hifadhi za taifa. Burigi utahitaji gari, kwa hiyo wasiliana na TANAPA kabla hujatoka nyumbani.

Rubondo ni kisiwa, unavuka kwa boti kutokea Kasenda, upande wa Muganza. Panga mapema pikipiki itabaki kwa nani, funga mlija wa mafuta ili tenki lisivujie kwenye kabureta, na chomoa waya mmoja wa betri. Siku ukirudi betri ikiwa imelala, nyingi ya pikipiki hizi bado zina kiki.